Twende Tukaangalie: Maneno ya Kumkumbuka Babu, Mwalimu na Mkutubi

Hotuba hii niliitoa kwenye mkusanyiko wa kumkumbuka Babu yetu. Ndugu na wanafunzi wake walio mbali wameomba kuisoma, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Bibi, shikamoo. Wazee wetu mlioketi huku mbele, shikamooni. Baba, shangazi, baba wadogo, ndugu wote wa ukoo, walimu mliofanya kazi na Babu, wakutubi wenzake, wanafunzi wake wa zamani, ambao wengine sasa mna wajukuu wenu, majirani na marafiki: tunawashukuru kwa kuja.

Nimepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wajukuu. Wasifu wa Babu umeshasomwa, sitaurudia. Mnajua alifundisha wapi na alikaa maktabani miaka mingapi. Mimi nina jambo moja tu la kusema juu yake, kwa sababu naamini mengine yote yalichipuka humo. Babu aliamini kwamba mtu akikuuliza swali amekukabidhi kitu cha thamani, na huna ruhusa ya kukitupa.

Naomba tufanye kitu. Wangapi humu mliwahi kumuuliza Babu swali, lolote lile? Nyoosheni mikono juu. Tazameni mikono ilivyo mingi! Haya, wangapi mlijibiwa pale pale mlipokuwa mmekaa? Mnaona? Hakuna hata mkono mmoja. Mliambiwa nini?

Naam. "Twende tukaangalie."

Na alikuwa anasimama kweli. Angekuwa amechoka, angekuwa anakula, angekuwa na jibu lote kichwani, atasimama avae miwani, mtakwenda. Kwenye rafu, kwenye kamusi, kwenye ramani, nje kwenye mti. Tulipokuwa wadogo tulidhani hajui. Tukasema, Babu ni mwalimu gani huyu, kila kitu anakwenda kuangalia? Tulichelewa kufahamu kwamba alikuwa anajua, na kwamba alitaka tuione njia ya kulifikia jibu, ili siku akiwa hayupo tuweze kwenda wenyewe. Hayupo sasa. Tunakwenda wenyewe.

Nianze na darasani, kwa kuwa huko ndiko alikoanzia.

Kuna mama mmoja yumo humu leo, ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kumtaja. Alikuwa mtoto wa darasa la nne. Somo lilikuwa la sarufi, ngeli zimejaa ubaoni, naye akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini nikitembea usiku mwezi unanifuata?" Darasa zima likaangua kicheko. Walimu wenzangu... samahani, nawasemesha ninyi walimu mliomo humu: mngefanya nini? Saa inakwenda, mtihani uko karibu, na mtoto ameuliza kitu kisicho cha somo. Wengi wetu tungesema, "Kaa chini, hilo tutalizungumza siku nyingine." Na siku nyingine haiji.

Babu aliacha kicheko kiishe. Kisha akachukua chaki, akaliandika swali lile kwenye kona ya juu ya ubao, upande wa kulia, akalizungushia mstari. Kona ile ilikuwa maarufu shule nzima. Swali likishaingia pale halifutwi mpaka lijibiwe, na hata walimu wa vipindi vingine walikuwa wanafuta ubao wote na kuiacha. Kisha akamgeukia yule aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote akamwambia: "Wewe ndiye utakayetuongoza kutafuta jibu." Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake kwa mtu anayemcheka muulizaji. Fimbo hakuitumia kwa kosa hilo. Alikukabidhi swali.

Kesho yake akawatoa nje. Akawaambia watembee kwa mstari, macho yakiwa kwenye mti ulio karibu, halafu warudi watembee tena macho yakiwa kwenye kilima cha mbali. Wote wakaona. Mti wa karibu ulibaki nyuma baada ya hatua chache. Kilima kiligoma kubaki nyuma, kilikuwa kama kinasogea nao. Ndipo akawaingiza maktabani, akamwambia yule aliyecheka asome kwa sauti: mwezi uko umbali wa kilomita zipatazo 384,000 kutoka duniani. "Sasa," akauliza, "hatua zako mia mbili ni nini mbele ya umbali huo?" Ukitembea, mwelekeo unakouona mwezi haubadiliki kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukigundua, kwa hiyo unaonekana unakwenda nawe.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mama huyu anakumbuka kwamba miaka miwili baadaye, walipofika darasa la sita, Babu aliwarudisha kwenye swali lile lile. Akawaambia kwamba hila ile ile ya mti na kilima ndiyo iliyotumika kupima umbali wa nyota. Unaitazama nyota leo, unaitazama tena baada ya miezi sita, dunia ikiwa imehamia upande wa pili wa jua, kilomita milioni 300 kutoka pale ulipokuwa. Nyota iliyo karibu itaonekana imesogea kidogo sana mbele ya zile za mbali. Mwaka 1838 Mjerumani Friedrich Bessel aliupima msogeo huo kwa nyota iitwayo 61 Cygni, na hesabu ikatoka kwamba mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka kumi kutufikia. "Kwa hiyo," Babu akamwambia binti yule mbele ya darasa zima, "swali lako la mwezi ndilo walilokuwa wanalifanyia kazi wanaastronomia."

Ndugu zangu, mnaelewa alichomfanyia mtoto huyu? Swali lililochekwa darasa la nne amelirudisha darasa la sita likiwa limevikwa heshima. Mama huyu hakuwa mwanasayansi. Amefanya kazi ya uhasibu maisha yake yote. Lakini aliniambia: "Tangu siku ile sijawahi kuona haya kuuliza mbele ya watu. Nimekaa kwenye vikao na wakubwa, na pale nisipoelewa nauliza."

Babu alikuwa mkali, tusidanganyane kwa kuwa ameondoka. Mwandiko mbaya aliurudisha. Kuchelewa hakuvumilia. Aliyekunja pembe ya ukurasa ili kuweka alama aliitwa na kuonyeshwa mkunjo ule kama ushahidi mahakamani. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukemewa na Babu kwa kutokujua. Hakuna.

Sasa nije maktabani.

Alipoacha kufundisha na kuwa mkutubi, watu walimsikitikia. Walisema mwalimu hodari ameondolewa ubaoni amepewa funguo za stoo. Wengine walimwambia hivyo hivyo usoni. Yeye alikuwa akiwajibu kwa kisa cha S. R. Ranganathan wa India, aliyekuwa mwalimu wa hisabati na mwaka 1924 akateuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Siku za mwanzo Ranganathan aliuchukia upweke wa kazi ile akataka arudi kufundisha. Akapelekwa Uingereza kusomea ukutubi, akaona huko maktaba zinavyohudumia watu wa kila aina, akarudi kwao amewaka moto. Mwaka 1931 alitoa kanuni tano ambazo wakutubi wa dunia nzima wanazijua mpaka leo. Babu aliziandika kwa mkono wake ndani ya mlango wa kabati lake la kazini, na wajukuu tulizikariri kabla hatujajua maana yake: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua.

Ile ya nne aliipenda mno. Okoa muda wa msomaji. Alisema msomaji aliyezunguka kwenye rafu nusu saa akatoka mikono mitupu hatarudi, na kosa ni la mkutubi. Ndiyo maana alikuwa anapanga, anapanga, anapanga. Mnazikumbuka zile droo za mbao zenye kadi? Kadi moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa jina la kitabu, nyingine kwa mada, zote kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Na nambari za Dewey, mpango uliochapishwa mwaka 1876 ambao unaigawa elimu yote katika makundi kumi, kila kundi likagawanyika tena na tena. Wajukuu tulizijua nambari hizo kama nyumba za majirani. Kilimo 630. Fasihi ya Kiswahili 896.392. Na mwezi? Waambieni wajukuu waliokaa kule nyuma. Mwezi?

523.3! Mmesikia? Huyo aliyejibu ana miaka minane.

Lakini mpangilio haukumtosha, na hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mnaofanya kazi za kuhudumia watu. Mtu akija kaunta hasemi anachotaka. Anasema kile anachothubutu kusema. Siku moja mama mmoja alifika akaomba "kitabu cha daktari". Mngempa kipi? Rafu nzima ya tiba ipo. Babu alimuuliza swali alilokuwa anawauliza wote: "Ukishakipata, unataka kikusaidie nini?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama yake mzazi alikuwa amekutwa na kisukari. Walipewa maelekezo, wakaitikia kila neno, wakatoka hawajaelewa, na sasa walikuwa wanaogopa kurudi kuuliza.

Twende tukaangalie. 616.462. Babu akavuta viti viwili, akamsomea polepole kongosho ni nini, insulini inafanya kazi gani, kwa nini mgonjwa anaambiwa aangalie miguu yake kila siku. Kila mama alipokwama, Babu aliandika swali kwenye karatasi. Mama akamuuliza, "Sasa mwalimu, wewe unanishauri nini?" Babu akamjibu: "Mimi ni mkutubi, si daktari. Kazi yangu ni kuhakikisha ukirudi kule unajua cha kuuliza." Akamkabidhi ile karatasi ya maswali. Mama akarudi hospitali nayo, akauliza yote, akajibiwa yote.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kuna watu wanaodhani sasa hivi mkutubi wa nini, kila mtu ana simu, kila jibu limo kwenye intaneti. Ni kweli majibu yamo. Lakini nani atakuvutia kiti? Nani atakuuliza unataka likusaidie nini? Nani atakayejua kusimama pale ujuzi wake unapoishia, akakuelekeza kwa mwenye ujuzi zaidi? Vijana mnaosoma ukutubi, nimeambiwa mko humu, msikubali mtu awaambie kazi yenu imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi wa nyumbani hatukulijua mpaka Babu alipofariki.

Siku ya tatu baada ya msiba alikuja nyumbani mzee mmoja, fundi seremala. Wengi mnamfahamu. Amekubali niseme, na alisema niseme hasa mbele ya vijana. Alikaa na Bibi na shangazi akawaambia kwamba yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na aliyemfundisha ni Babu.

Alikuwa anakuja maktabani jioni, anachukua gazeti, anakaa. Anafunua kurasa kama wenzake. Aliona aibu kuwa mtu pekee mtaani asiyejua yaliyoandikwa, akaona heri aonekane anasoma. Babu alimtazama wiki kadhaa. Aligundua kwamba mzee huyu hana tofauti ya mwendo: ukurasa wenye picha kubwa tupu na ukurasa uliojaa maandishi anakaa nao muda ule ule. Hakusema neno. Siku moja, watu walipoondoka, akamwambia: "Fundi, nina kadi nyingi za kupanga na macho yangu yamechoka. Utanisaidia nusu saa?"

Wakaanza na kadi. Kwanza kuzipanga kwa herufi ya mwanzo tu, kwa kulinganisha maumbo. Halafu sauti za herufi zile. Halafu Babu akaleta karatasi yenye maneno machache: mbao, randa, msumeno, fremu, bawaba. Mzee anasema, "Nilipoliona neno randa nikasikia kama nimeishika mkononi." Babu hakubahatisha hapo. Alikuwa amesoma juu ya Paulo Freire wa Brazil, ambaye mwaka 1963 huko Angicos aliendesha mafunzo kwa wafanyakazi wapatao 300 kwa kutumia maneno ya maisha na kazi zao wenyewe. Mtu mzima hataki kusoma "baba ana bata". Ana mambo yake, ana biashara yake, ana watoto. Mpe maneno yake.

Iliwachukua miezi. Jioni baada ya jioni, mlango umefungwa, taa moja. Mke wa fundi alidhani mumewe amepata kazi ya ziada maktabani. Kitu cha kwanza kirefu alichokisoma peke yake hadi mwisho kilikuwa barua ya binti yake aliyekuwa shule ya bweni. Barua zilizotangulia alikuwa anasomewa na jirani, na binti alijua hivyo, kwa hiyo hakuwa akiandika mambo ya ndani. Aliposikia kwamba sasa baba anasoma mwenyewe, barua zikabadilika. Mzee alipofika hapo alishindwa kuendelea, na Bibi akamwambia, "Pumzika, mwanangu."

Bibi hakujua! Miaka yote ile, mume wake hakuwahi kumwambia. Lile kabati fupi la vitabu vya watoto, lenye kingo zilizolainishwa ili mtoto asijigonge, sote tulijua tu kwamba limetolewa na "msomaji mmoja". Sasa tunajua ni mikono ya nani.

Kwa nini alinyamaza hivyo? Nimelifikiria sana. Mkutubi anajua mambo ya watu kuliko tunavyodhani. Anajua nani ameazima kitabu cha talaka, nani anasoma juu ya ugonjwa fulani, nani anatafuta namna ya kutoka kwenye madeni. Babu alikuwa anautumia mfumo wa zamani wa tiketi, na aliupenda kwa sababu moja. Ngoja niueleze kwa ajili ya watoto. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya jalada. Kila msomaji alikuwa na tiketi, kijimfuko kidogo cha karatasi ngumu chenye jina lake. Ukiazima, kadi ya kitabu inatumbukizwa ndani ya tiketi yako, mhuri wa tarehe unapigwa kitabuni, na kadi na tiketi vinakaa pamoja kwenye trei. Ukirudisha, Babu anachomoa kadi anairudisha kitabuni, na wewe unapewa tiketi yako tupu. Baada ya hapo hakuna popote palipoandikwa kwamba uliwahi kukisoma kitabu kile. Babu alipochomoa kadi alikuwa anaisukuma kwa kidole gumba mara moja tu, tak, na historia yako imefutika. Aliona huo ni ulinzi mkubwa ambao maktaba inampa mtu. Mtu akijua anatazamwa hataomba kitabu anachokihitaji, ataomba kitakachomfanya aonekane vizuri.

Nigusie na mikono yake, kwa sababu wajukuu wengi tunamkumbuka kwa mikono. Vitabu ni vya kutumiwa, hiyo kanuni ya kwanza, na kitu kinachotumiwa kinachakaa. Huko Ulaya zamani walivifunga vitabu kwa minyororo kwenye rafu visiibiwe wala visihamishwe. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, minyororo hiyo ipo mpaka leo. Babu alisema bora kitabu kichakae kuliko kifungwe. Kwa hiyo alikuwa anatengeneza, kila Jumamosi, meza ya jikoni ikiwa imetandikwa magazeti.

Kuna mtoto wa jirani, sasa ni kijana mkubwa, aliyenyeshewa na mvua akiwa na kitabu cha maktaba kwapani. Alikaa nacho siku nzima nyumbani akiogopa, jioni akaja analia. Babu hakuuliza imekuwaje. Alisema: "Umekuja kwa wakati. Tungechelewa siku mbili ukungu ungeshaanza." Akamkalisha mezani. Akamwonyesha kukisimamisha kitabu wima na kukipanua kama feni, kuweka karatasi za kunyonya maji kila baada ya kurasa kadhaa, kuzitoa zikilowa na kuweka nyingine. Hewa ipite, jua lisipige, maana jua linaikunja karatasi. Kurasa zenye picha zinazong'aa ndizo za kuwahi, kwa sababu zikikaukia pamoja zimegandana moja kwa moja. Kitabu kilipobaki na unyevu kidogo wakakilaza chini ya ubao wenye uzito kinyooke. Mgongo uliobanduka wakaubandika kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa na kuchujwa. Selotepu aliipiga marufuku, kwa kuwa inageuka njano na kuharibu karatasi. Gundi ya ngano ikilowanishwa inaachia. "Usitengeneze kitu," alisema, "kwa namna ambayo atakayekuja baada yako hataweza kukifungua na kukifanya vizuri zaidi."

Mtoto yule alirudi Jumamosi iliyofuata bila kuitwa. Na iliyofuata.

Hizo Jumamosi, nisizifiche, zilikuwa na gharama. Baba yangu na shangazi waliniambia niseme ukweli: kulikuwa na miaka ambayo watoto wa watu walimpata baba yao kuliko wao walivyompata. Shangazi alikuwa anaenda maktabani kukaa tu, ili awe karibu naye. Bibi alibeba nyumba. Bibi, tunalijua hilo, na leo tukimsifu Babu tunakusifu na wewe, kwa sababu kila jioni aliyomfundisha fundi kusoma, kuna mtu alikuwa nyumbani anahakikisha watoto sita wamekula, wameoga, wamelala. Bibi ameniambia jana: "Sikuwahi kumzuia, lakini nilimwambia siku akistaafu ni zamu yangu." Na zamu ilikuja. Walikuwa wanatembea pamoja kila asubuhi miaka yote ya kustaafu kwake, na ole wake aliyejaribu kumwita Babu saa hizo.

Kisha macho yakamwishia. Presha ya macho ilimnyang'anya kidogo kidogo, kutoka pembeni kuingia katikati, mpaka herufi zikapotea. Jorge Luis Borges wa Argentina aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa mwaka 1955 wakati ambapo hakuweza tena kusoma vitabu vilivyomo, na Babu alikuwa anatuambia kwamba sasa amekuwa mwenzake. Aliumia, tuliona. Aliwahi kukaa wiki nzima hataki hata kuguswa. Lakini baadaye akaita wajukuu, akatupangia zamu ya kumsomea. Na hapo ndipo wengi wetu tulipofundishwa kusoma kwa kweli. Ukiruka alama ya mkato, anakusimamisha. Ukisoma neno usilolijua kwa kujifanya unalijua, anasikia kwenye sauti. "Rudi. Hilo neno hulijui. Twende tukaangalie." Anasimama yeye asiyeona, anaweka mkono kwenye bega lako, anakuongoza mpaka kwenye kamusi. Rafu ya pili, cha tatu kutoka kushoto. Hakuwahi kukosea.

Ndugu zangu, namalizia kwa yale ambayo familia imeniagiza niwatangazie.

Vitabu vyake vyote vitakwenda maktabani, isipokuwa vichache ambavyo Bibi amevichagua. Wakutubi wameshakuja kuviangalia. Vile ambavyo maktaba tayari inavyo vitapelekwa shuleni. Kama una kitabu ulichoazima kwa Babu, na tunajua mko wengi, tunaomba ukirudishe kwa shangazi. Hatutaandika jina lako popote.

Zile daftari zake za maswali, ambamo aliandika kila swali aliloulizwa na hakupata jibu, zipo saba, na yamo mengi ambayo hayajajibiwa. Tutazinakili na kuziweka maktabani mtu yeyote aweze kuzisoma. Ukijua jibu, andika ulilipata wapi.

Na ile saa ya kuwasomea watoto, Jumamosi asubuhi, haitasimama. Wiki hii atasoma baba mdogo. Wiki ijayo ni fundi seremala, ameomba mwenyewe. Baada ya hapo ratiba iko wazi, na karatasi ya kujiandikisha iko pale mlangoni pamoja na kalamu. Tunahitaji hasa watu wa kusoma miezi ya likizo, watoto wanapokuwa wengi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Bibi, asante.